Harufu na Hukumu

Katika milango mitano ya fahamu aliyojaliwa mwanadamu, pua ndiyo iliyopewa heshima ndogo. Macho yana wachoraji wake, masikio yana waimbaji wake, ulimi una wapishi wake, na mikono husifiwa kwa kazi yake. Pua hukumbukwa siku ya mafua. Walakini hapana mlango ulio wazi zaidi kuliko huo. Mtu aweza kufumba macho asione, aweza kuziba masikio asisikie, lakini hawezi kuacha kuvuta pumzi ila kwa kitambo kidogo sana. Na kila avutapo pumzi, dunia humwingia pamoja na harufu zake. Ndiyo sababu hukumu za pua ni za haraka. Kabla mtu hajataja jina lake, pua ya jirani imekwisha kumpokea au kumkataa. Kutokana na hukumu hizo watu hununua manukato, udi na mafuta ya chupa ndogo za bei kubwa, ili wapokewe vema. Yafaa basi tuulize: je, pua ni hakimu wa haki? Na kama si wa haki, manukato ni ya nini?

Mfano wa karibu upo Garsen. Garsen ni mji mdogo katika Kaunti ya Mto Tana, lakini barabara ya Malindi, ya Hola na Garissa, na ya Witu na Lamu hukutana karibu nao, na watu wa kazi nyingi hukutana pamoja na barabara hizo. Mpokomo hutoka katika mashamba ya kandokando ya mto akiwa na maembe, ndizi, mpunga au mahindi. Mto ukiwa umefurika na kurudi, huja na tope lake miguuni, na pengine kambare katika kikapu. Morma na Mwardei huja kutoka malishoni, na pamoja nao huja harufu ya ng'ombe, samli na moshi. Mgiriama ana yake, na mwenye duka ana yake. Kwa mgeni ashukaye katika basi, soko zima ni harufu moja kubwa. Kwa mwenyeji kila harufu ina kabila, na hapo ndipo hatari inapoanza.

Tuutazame ule moshi wa wafugaji, kwa kuwa wengi huucheka bila ya kuujua. Katika jamii za wafugaji wa mashariki na kaskazini ya Kenya, Waorma wakiwa miongoni mwao, mwanamke hatosheki kukiosha chombo cha maziwa kwa maji. Huchagua kijiti cha mti maalum, akakiwasha mpaka kiwe kaa lenye kutoa moshi, kisha akakifukiza chombo hata moshi ukaingia katika kuta zake. Si kila mti ufaao, na ujuzi wa kuchagua hutoka kwa mama kwenda kwa binti. Moshi huo huyatia maziwa ladha na harufu ipendwayo, na kadhalika hupunguza vijidudu viyaharibuvyo, yakapata kudumu kitambo katika joto la nyika pasipo barafu wala umeme. Elimu ya maabara imekuja nyuma kabisa kuthibitisha kazi ambayo akina mama hao walikuwa wakiifanya siku zote. Kwa hiyo harufu ile ni harufu ya usafi. Mtoto atokaye katika nyumba hiyo huchukua katika nguo zake ushahidi wa mama mwangalifu. Mwenzake wa bwenini, ambaye hakupata kuyanywa maziwa hayo, hukunja pua akasema, "Huyu ananuka." Pua yake imesema kweli kwamba pana moshi, uongo umeingia katika neno lililofuata.

Na mtoto wa mkulima hutendewa vivyo hivyo kwa tope na samaki. Tope la Mto Tana ndilo liotalo mpunga, na yule anayelikwepa kwa pua yake mchana huketi usiku akala wali.

Dharau ya namna hii haikuzaliwa kwetu peke yetu. Mwandishi Mwingereza George Orwell, katika kitabu alichokitoa mwaka 1937 juu ya maisha ya wachimba makaa ya mawe wa kaskazini ya Uingereza, alieleza kwamba watoto wa tabaka lake walilelewa wakiamini kuwa wafanyakazi hunuka. Aliona kwamba huo ndio ukuta mgumu kuliko yote kati ya matabaka. Twaweza kubishana na fikira za mtu, tukazishinda kwa hoja. Lakini chukizo lililokwisha kuingia mwilini halisikii hoja. Mtu aweza kukubali kwa kinywa kwamba binadamu wote ni sawa, ilhali pua yake ingali ikikataa.

Wakazi wa Delta ya Tana wanajua gharama ya dharau. Toka Agosti 2012 hata mwanzo wa mwaka 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa huko, wakiwamo wanawake na watoto, katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Sisemi kwamba harufu ilileta mapigano hayo. Ardhi, maji, malisho na siasa vilikuwa na sehemu yao kubwa. Nasema kwamba mtu hamdhuru jirani kwa wepesi huo mpaka awe amekwisha kumtoa katika hesabu ya watu kama yeye, na maneno ya kumtoa huanza mapema, aghalabu utotoni, na aghalabu puani.

Sasa tuipeleleze pua yenyewe, kama mahakama ipelelezavyo shahidi. Kwanza, ni shahidi asiyeijua nyumba yake. Harufu iliyo kali mtu aingiapo chumbani hufifia baada ya dakika chache, kwa kuwa pua huzoea na kuacha kuitangaza. Basi hapana mtu aijuaye harufu ya nyumba yake mwenyewe. Kila mmoja wetu huamini kwamba yeye hana harufu, na kwamba wenye harufu ni wengine. Laiti macho yangekuwa hivyo, kila mtu angalidhani kwamba hana sura.

Pili, mpaka wake baina ya zuri na baya hauko imara. Wafanya manukato wameijua siri hii tangu zamani. Zabadi hutoka katika tezi za fungo, yule mnyama wa usiku, na ikiwa nzito hunuka hata mtu akageuza uso; ikitiwa kidogo sana katika mchanganyiko, huwa joto na utamu wa manukato yote. Ambari, ambayo watu wa pwani yetu waliiokota ufukoni na kuiuza kwa thamani kubwa, hutoka katika matumbo ya nyangumi. Hata asmini, ua la maharusi, ina ndani yake kemikali iitwayo indoli, ambayo kadhalika imo katika kinyesi. Ikiwa kidogo hutuita. Ikiwa nyingi hutufukuza. Shahidi abadilishaye maneno yake kwa kipimo cha tone moja hafai kuaminiwa katika kesi ya utu wa mtu.

Tatu, pua ilipata zamani kukalia kiti cha hakimu, na kwa hukumu zake watu wengi walipotea. Kwa karne nyingi waganga wa Ulaya waliamini kwamba maradhi huletwa na hewa yenye harufu mbaya. Wakati wa tauni, katika karne ya 17, baadhi yao walivaa barakoa zenye midomo mirefu kama ya ndege, iliyojazwa majani na viungo vya kunukia, ili harufu njema izuie mbaya. Neno malaria limetoka Italia, na maana yake ni hewa mbaya. Mwaka 1854, kipindupindu kilipokuwa kikiua watu London, tabibu John Snow alionyesha kwamba wagonjwa wa mtaa mmoja walikuwa wakinywa maji ya bomba moja la Broad Street. Wakubwa wengi hawakumwamini, maana walikuwa wakiifuata harufu. Hata mwaka 1897, Ronald Ross, akifanya kazi India, ndipo alipovikuta vimelea vya malaria ndani ya mbu. Fikirini basi juu ya vinamasi vya delta yetu. Vinanuka kweli, na kwa miaka mingi pua ya mwanadamu ilivishitaki. Mhalifu alikuwa mbu, naye hanuki. Vivyo hivyo maji ya mto yaweza kuwa safi puani na kuwa na kipindupindu ndani yake.

Kosa lile lina ndugu yake katika siku zetu. Siku hizi huuzwa chupa ndogo za mafuta ya kunukia, na wauzaji wengine husema kwamba kila chupa ina tiba yake. Chukua mafuta ya mlaureli, mti wa nchi zilizo kandokando ya Bahari ya Mediterania. Majani yake makavu huuzwa katika maduka ya viungo, na wapishi huyatia katika mchuzi. Wayunani wa kale waliyasuka taji, wakamvika mshindi wa michezo ya Delphi. Mafuta yake hupatikana kwa kukeneka: mvuke hupitishwa katika majani, hubeba mafuta, kisha hupozwa katika bomba, na mafuta yakaelea juu ya maji. Kilo 100 za majani hutoa kilo chache tu, na hapo ndipo penye bei. (Waingereza hulitumia jina la jani hili kwa mti mwingine pia, wa visiwa vya Karibi, ambao mafuta yake hutiwa katika maji ya kujipaka baada ya kunyoa, mnunuzi asome karatasi ya chupa vizuri.) Harufu yake ni kali na safi, yenye kufungua pua, kwa sababu sehemu yake kubwa ni sineoli, ile ile iliyomo katika majani ya mkaratusi ambayo watu wetu huyachemsha wakajifukiza wapatapo mafua. Wafanya manukato huipenda kwa kutia ubichi wa majani katika mchanganyiko mzito. Matunda ya mti huo hutoa mafuta mengine, mazito, nayo huchanganywa na mafuta ya zeituni kufanya sabuni mashuhuri ya mji wa Aleppo, Syria. Ufundi huo uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2024.

Mkemia Mfaransa, René-Maurice Gattefossé, ndiye aliyeipa tiba ya manukato jina lake katika kitabu chake cha mwaka 1937, mwaka ule ule wa kitabu cha Orwell. Hapana shaka harufu njema hutuliza. Mtu aliyechoka akivuta harufu aipendayo, moyo wake hupata nafasi. Na hiyo ni neema, nasi hatuna sababu ya kuidharau. Lakini kutuliza si kuponya. Tone la mlaureli halimwondolei mtoto malaria, na likipakwa bila ya kuchanganywa na mafuta mengine laweza kuwasha ngozi. Amwambiaye mama wa Garsen kwamba chupa itamponya mwanawe, na mama akaacha kwenda hospitalini, ameifanya pua kuwa hakimu mara ya pili. Na safari hii aliyehukumiwa ni mtoto.

Na harufu njema yenyewe, imetoka wapi? Jibu moja liko Unguja na Pemba. Mpaka leo makonyo na majani ya mikarafuu hukenekwa katika kiwanda cha Wawi, karibu na Chake Chake, na mafuta yake huingia katika manukato na dawa za meno za dunia. Katika karne ya 19 mashamba hayo yalipandwa, yakapaliliwa na kuchumwa na watumwa, mpaka hadhi ya utumwa ilipofutwa kwa sheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Utumwa ulikuwapo vile vile katika mashamba ya bara la pwani yetu, na wengi waliotoroka walipata kimbilio Witu, safari fupi kutoka Garsen. Yamkini bwana wa shamba la mikarafuu alijipaka manukato, akaziba pua alipopitiwa na mchumaji mwenye jasho. Jasho lile ndilo lililokuwa mwanzo wa harufu yake. Nakiri kwamba kila niifikiriapo picha hiyo naona shida kuamua ni nani kati ya wawili hao aliyenuka.

Basi tuyatupe manukato? La. Mtu mmoja alipata kuuliza swali hilo, na hakuwa mtu mwema. Katika Injili ya Yohana, Mariamu wa Bethania aliipaka miguu ya Yesu mafuta ya nardo ya thamani nyingi, nyumba nzima ikajaa harufu. Yuda alilalamika kwamba mafuta hayo yangeuzwa kwa dinari 300 wakapewa maskini. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Hesabu yake kwa hiyo haikuwa ndogo, ni kazi ya karibu mwaka mzima. Injili yasema kwamba hakuwahurumia maskini, alikuwa akiiba katika mfuko. Nami huona kwamba hoja yake, ikitolewa na mtu mwaminifu, ingestahili kujibiwa kwa uangalifu. Jibu langu ni kwamba kuna vitu ambavyo thamani yake haimo katika kubaki kwake. Mariamu hakujipaka mwenyewe. Alimpa mwingine, na kwa namna ya harufu ilivyo, akawapa wote waliokuwamo nyumbani.

Lugha yetu yajua jambo hili. Husema kunuka kwa kibaya na kunukia kwa kizuri, na tofauti kati yao ni irabu moja, ile ile itumiwayo katika kupika na kupikia. Sidai kwamba wazee walikusudia, maana lugha haikutungwa katika mkutano. Lakini ni kana kwamba kunukia ni kuwa na harufu kwa ajili ya mtu. Tazama desturi ya pwani, toka Lamu hata Mombasa. Katika arusi na maulidi huzunguka mtu na mrashi, akawanyunyizia marashi waliohudhuria mmoja mmoja. Mwingine hupitisha chetezo cha udi. Haulizwi mtu ametoka buchani, shambani au ofisini. Watokapo nje, mvuvi na kadhi wana harufu moja. Na dini ya Kiislamu, ambayo humhimiza Mwislamu kuoga na kujitia manukato siku ya Ijumaa, ndiyo hiyo iliyomkataza aliyekula kitunguu saumu kibichi kuingia msikitini na harufu yake. Katika amri hizo mbili anayetazamwa ni jirani wa safu.

Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliliona upande wa pili. Katika kitabu chake cha mwaka 1790 alimtaja mtu atoaye mfukoni leso yenye manukato, akawalazimisha wote waliomzunguka kushiriki furaha yake, wapende wasipende. Mwenye shaka na apande basi la Malindi siku ya mvua, madirisha yamefungwa, na abiria mmoja amejimwagia nusu ya chupa. Huyo naye ananukia, lakini kwa ajili ya nani? Manukato yake yamekuwa kama sauti kubwa chumbani mwa mgonjwa. Kwa hiyo hata zawadi ina kipimo chake, na kipimo hicho hakijulikani kwa pua ya mtoaji, maana, kama tulivyosema, pua hiyo imekwisha kuzoea.

Limebaki jambo gumu, nalo lawahusu ninyi hasa mkaao bwenini. Iko harufu ambayo si ya kazi, wala ya chakula, wala ya moshi wa mama. Ni ya mwili usioogwa na nguo zisizofuliwa. Kusema kwamba pua si hakimu si kusema kwamba tuwe wachafu. Lakini hata hapa shahidi hasemi yote. Harufu haituambii kama mwenzetu ni mvivu, au sabuni yake ilikwisha wiki ya pili ya muhula na nyumbani hakuna wa kumletea nyingine, au ana ugonjwa ambao maji hayauondoi. Haya hujulikana kwa kuuliza tu. Na kuuliza kuna mahali pake, mbali na wengine, kwa sauti ya chini, na ni heri muulizaji awe amekuja na nusu ya kipande cha sabuni yake mkononi. Anayetangaza mbele ya darasa amekwisha kufanya kazi nyingine kabisa, ijapokuwa maneno yake ni yale yale. Na aliyeulizwa vizuri pengine ataona haya siku moja, pengine atakasirika. Muulizaji avumilie, maana naye anayo harufu yake asiyoijua, na iko siku mtu atahitaji kuja kumwambia.